Upungufu wa Damu: Chakula, Vidonge na Kikombe cha Chai

Katika kliniki ya waja wazito, mkunga akisha kumwamkia mama humvuta kidogo ukope wa chini wa jicho na kuutazama ndani. Akiona wekundu, huendelea na kazi yake. Akiona weupe, hutazama na kiganja cha mkono, na ulimi, na kucha, kisha humpeleka mama huyo atobolewe kidole ili damu yake ipimwe. Mara nyingi mama hushangaa, maana hakuja kusema kwamba ni mgonjwa. Kuchoka amechoka, apandapo kilima na maji kichwani hutweta, moyo humdunda, na akiinuka kwa ghafula huona kizunguzungu. Lakini ni nani asiyechoka, mwenye mimba tumboni na shamba la kupalilia? Hivi ndivyo upungufu wa damu unavyomwingia mtu. Haumlazi kitandani kwa homa wala haumtii maumivu. Humnyang'anya nguvu kidogo kidogo, hata akadhani kwamba udhaifu ule ndio hali yake ya kuzaliwa.

Hatari yake huonekana siku ya kujifungua. Kila mzazi hutokwa na damu, na mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza nusu lita bila ya kudhurika sana. Lakini mwenye damu pungufu hana akiba, na kiasi kile kile chaweza kumwangusha. Mtoto wake naye huenda akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mdogo, akiwa na chuma haba mwilini. Mtoto wa namna hiyo, afikapo umri wa mwaka mmoja au miwili, hali vizuri, hachezi kama wenzake, na akili yake huchelewa kukomaa. Na sehemu ya hasara hiyo yaweza kubaki hata baada ya damu yake kurudi.

DAMU HUFANYWA NA NINI

Wekundu wa damu hutokana na kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuichukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo cha mwili. Himoglobini haiwezi kufanywa pasipo madini ya chuma. Chuma chote kilichomo katika mwili wa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu, yapata uzito wa msumari mmoja. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, kisha huvunjwa, na chuma chake hukusanywa na kutumiwa tena, kama fundi azoeavyo kuokota misumari ya nyumba ya zamani. Mwili ni bakhili sana wa chuma: mwanamume mzima mwenye afya hupoteza miligramu 1 hivi kwa siku. Mwanamke apataye hedhi hupoteza zaidi, na mwenye mimba huhitaji chuma kingi kupita wote, kwa kuwa anatengeneza damu yake na ya mtoto pia.

Walakini chuma peke yake hakitoshi. Kiwanda cha damu, ambacho kimo ndani ya mifupa, chataka pia vitamini. Mojawapo ni folati, ambayo imo kwa wingi katika majani mabichi, kunde na maharagwe. Nyingine ni vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Vitamini A nayo husaidia chuma kitoke katika ghala lake mwilini na kwenda kazini. Ndiyo maana watu wawili waweza kuwa weupe wa macho sawasawa, na dawa ya mmoja isimfae mwenzake hata kidogo.

Vipimo vya hospitali huhesabu gramu za himoglobini katika kila desilita ya damu. Mwanamume mzima akiwa na chini ya 13, na mwanamke asiye na mimba akiwa na chini ya 12, huhesabiwa kuwa na upungufu. Kwa mwenye mimba mpaka ni 11, ila katika miezi ya katikati, ambapo maji ya damu huongezeka, Shirika la Afya Duniani laukubali mpaka wa 10.5. Mwenye chini ya 7 yu katika hatari, na hafai kutibiwa kwa mboga nyumbani; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

YAFAA KUJUA DAMU INAKOPOTELEA

Watu wa pwani wameyajua maradhi haya tangu zamani kwa jina la safura, nao walimtambua mgonjwa wake kwa uso uliofifia na kuvimba, na kwa tamaa ya kula udongo. Jina hilo ni la maana, kwani latukumbusha sababu mojawapo iliyo kubwa, yaani minyoo ya safura. Minyoo hao ni wadogo, urefu wao ni sentimeta moja hivi, nao hujishikiza katika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunywa tone dogo sana kwa siku. Walakini mtu mwenye minyoo mamia hupoteza damu kila siku pasipo kuona jeraha lolote. Mtu wa namna hiyo aweza kula maini asubuhi na jioni, na minyoo wakapata fungu lao kwanza.

Mayai ya minyoo hao hutoka pamoja na kinyesi. Kikitupwa vichakani au pembeni mwa shamba, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vibuu vyake huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Kwa hiyo choo cha shimo na jozi ya viatu ni dawa za damu kama zilivyo dawa za chupa, ingawa hakuna auzaye choo katika duka la dawa. Minyoo waliokwisha kuingia hutolewa kwa dawa iitwayo albendazoli. Watoto wa shule hupewa dawa hiyo shuleni katika sehemu nyingi za Kenya, na mwenye mimba aweza kupewa na mkunga baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, wala si kabla ya hapo.

Malaria nayo huvunja chembe nyekundu zenyewe. Mtoto wa sehemu za ziwa au za pwani, apatwapo na malaria mara kwa mara, damu yake haipati nafasi ya kujaa tena. Ndipo mama aonapo mtoto mweupe akipumua upesi upesi usiku, na alfajiri anatakiwa kuongezewa damu hospitalini. Kichocho cha mkojo, kilichozoeleka sana pwani hata baadhi ya watu wakaona kukojoa damu ni jambo la kawaida la wavulana, ni mfereji mwingine wa damu. Mwanamke ambaye hedhi yake ni nyingi mno au hudumu siku nyingi anapaswa kumwambia daktari bila ya haya. Na mwanamume mzima au mzee akionekana hana damu, asiambiwe tu ale vizuri: yeye hapati hedhi, basi damu yake inatoka mahali fulani, labda katika kidonda cha tumbo kilichochochewa na kumeza vidonge vya maumivu kila siku, labda katika uvimbe wa utumbo, na ni lazima patafutwe.

Kuna pia ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huzaliwa nao, na ambao si haba katika nchi za magharibi ya Kenya na pwani. Damu ya mtoto huyo ni pungufu kwa sababu chembe zake zimepinda na huvunjika mapema, wala si kwa sababu chuma kimekosekana. Kumlimbikizia vidonge vya chuma pasipo kupima ni kumtwisha mzigo usiomfaa.

JAMBO LILILOTOKEA PEMBA

Wengine watasema: vidonge vya chuma ni rahisi na vina faida, basi kwa nini watoto wote wasigawiwe, awe mgonjwa au asiwe? Swali hilo liliulizwa na wataalamu pia, na jibu lake lilipatikana karibu sana, katika kisiwa cha Pemba.

Kuanzia mwaka 2002 watoto wadogo wa Pemba, wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 35, waliingizwa katika uchunguzi mkubwa. Jumla yao ilizidi 24,000. Baadhi yao walipewa kila siku chuma na folati, wengine pamoja na madini ya zinki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Siku zile malaria ilikuwa nyingi mno kisiwani. Iliaminiwa kwamba wale waliopewa chuma wangekuwa na afya kupita wenzao. Mambo yakawa kinyume. Mwaka 2003 wasimamizi waliamua kwamba watoto wasiendelee kupewa chuma, kwa kuwa ilionekana kwamba waliokipata walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wale wasiokipata. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, hesabu ilionyesha kuwa hatari ya kuugua sana hata kulazwa, au kufa, ilizidi kwa asilimia 12.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Chuma ni chakula cha damu, lakini ni chakula cha vijidudu pia. Mwili uingiliwapo na maradhi hukificha chuma chake ghalani, kusudi adui asikipate. Na mtu akimwaga chuma kingi mwilini saa ile, huenda akamlisha adui. Jambo hilo ladhihirika zaidi kwa kuwa katika uchunguzi kama huo uliofanywa Nepal siku hizo hizo, mahali ambapo malaria ni kidogo, dawa ile ile haikuwadhuru watoto.

Lakini yafaa habari ya Pemba isomwe mpaka mwisho, kwani wapo walioisikia nusu yake wakaogopa chuma moja kwa moja. Miongoni mwa watoto wale kulikuwa na kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi: damu yao ilipimwa tangu mwanzo, na walipopatwa na malaria walitibiwa mara moja. Katika kundi hilo, watoto ambao kweli walipungukiwa na chuma walifaidika walipokipata. Kwa hiyo leo Shirika la Afya Duniani halikatazi watoto wa nchi zenye malaria wasipewe chuma. Lasema kitolewe pale ambapo malaria yazuiwa, yapimwa na kutibiwa. Chandarua chenye dawa chatangulia, kipimo cha damu chafuata, na chupa ya chuma huja nyuma yao. Mzazi anayenunua dawa ya kuongeza damu dukani na kumnywesha mtoto mwenye homa, amezipindua hatua hizo.

CHAKULA CHA KILA SIKU

Ipo imani iliyoenea kwamba kitu chekundu huleta damu. Mgonjwa huletewa kiazi sukari chekundu, na juisi ya zambarau, na soda ya rangi ya damu, na jamaa zake hutoka hospitali wakiwa wameridhika. Kiazi hicho si kibaya, kwa kuwa kina folati, ila chuma chake ni kidogo; na soda nyekundu ni sukari na rangi. Chakula kiletacho damu kwa kweli mara nyingi ni cha rangi ya kahawia au ya kijani, na bei yake si kubwa.

Chuma kilichomo katika nyama, maini, bandama, kuku na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Hata robo yake yaweza kupokelewa. Chuma kilichomo katika mboga, nafaka na jamii ya kunde ni kigumu kupokelewa, na mara nyingi haiingii hata sehemu moja katika kumi. Lakini kipande kidogo cha nyama au samaki kikiwa katika sahani moja na maharagwe husaidia chuma cha maharagwe kiingie pia. Kwa sababu hiyo familia isiyoweza kununua nyama ila mara moja kwa mwezi haikuachwa bila msaada: dagaa, ambao katika Nyanza huitwa omena, wakipikwa wazima na vichwa vyao, huuzwa kwa kipimo kidogo sokoni, na kiganja kimoja chao ndani ya mboga hubadili chakula kizima. Kumbikumbi, ambao watoto wa magharibi hukimbizana nao mvua inapoanza, wana chuma na zinki, na si chakula cha kuonewa haya mbele ya wageni.

Hapa panafaa kutajwa desturi moja. Katika baadhi ya makabila, zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na firigisi ilikuwa ya bwana mwenye nyumba. Miiko hiyo imelegea, lakini kivuli chake kingali mezani: baba hupakuliwa minofu, watoto wa kiume hufuata, na mama hula ugali kwa mchuzi uliobaki. Mwenye kuhitaji chuma kingi kuliko wote nyumbani ndiye apataye kidogo kuliko wote. Baba asemaye kwamba ampenda mkewe mwenye mimba, na aitazame sahani yake.

Sukuma wiki, mchicha, mnavu ambao wengi huuita managu, na majani ya kunde ni mboga za thamani, hasa kwa folati na vitamini A. Lakini mboga zikichemshwa kwa saa nzima, maji yake yakamwagwa, na zikapashwa moto tena kesho yake, folati na vitamini C huharibika, na kinachobaki ni nyuzi. Heri zikatwe muda mfupi kabla ya kupikwa, zipikwe kwa maji machache na mafuta kidogo, na kuepuliwa zingali na rangi yake.

Kisha kuna matunda. Chungwa, pera, papai, embe, ndimu, ubuyu, hata nyanya mbichi, vyote vina vitamini C, nayo hufanya kazi ya ajabu: ikiwa pamoja na chakula, yaweza kukizidisha mara mbili au zaidi kiasi cha chuma cha mboga kinachoingia mwilini. Pera liliwalo saa kumi jioni barabarani ni tamu. Pera lile lile likiliwa mara baada ya maharagwe ya mchana ni tamu na pia ni dawa.

Na sasa kikombe cha chai. Kenya ni nchi ya chai, nayo huletea nchi fedha nyingi, tena hakuna mgeni apokewaye bila ya chai. Hakuna anayetakiwa kuiacha. Walakini ule ukakasi wa chai, uhisiwao ulimini, hukishika chuma cha chakula ndani ya tumbo na kukizuia kisiingie. Chai ikinywewa pamoja na chakula, zaidi ya nusu ya chuma cha mboga na nafaka hupotea bure. Kahawa hufanya hivyo pia, na maziwa yana kizuizi chake. Kwa hiyo mama anayekula maharagwe kwa chai ya maziwa, akadhani amejenga damu, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Dawa yake haigharimu hata senti: chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Watoto wadogo wasipewe chai kabisa pamoja na chakula chao. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifanyiwe maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake kikuu, maana maziwa hayo yana chuma kidogo mno, nayo yaweza kumtoa damu kidogo kidogo utumboni.

Wimbi ni nafaka yenye madini mengi, lakini katika maganda ya nafaka zote mna kitu kiitwacho faiteti ambacho hukifunga chuma. Wazee hawakulijua jina hilo, lakini walijua kuuchachusha uji na kuutia ukwaju au ndimu. Na uchachu huo huivunja faiteti, na ndimu husaidia chuma kipite. Kwa jambo hili jiko la bibi lilikuwa mbele ya maabara. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika kuna faida kama hiyo. Tena katika Ethiopia ulifanywa uchunguzi, ukachapishwa mwaka 1999, ambao ulionyesha kuwa watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko waliopikiwa katika sufuria za alumini.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe chuma, zinki, vitamini A na vitamini za jamii ya B, folati ikiwamo. Mnunuzi ana haki ya kuitazama alama yake kwenye pakiti. Lakini unga unaosagishwa katika kinu cha kijijini hautiwi kitu, na ukiwa umekobolewa sana hata ile vitamini ya asili huenda na pumba kwa ng'ombe.

Udongo na mawe laini yauzwayo sokoni kwa waja wazito hayaongezi damu. Tamaa yake mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Lakini udongo wenyewe huweza kukizuia chuma cha chakula, na pengine una mayai ya minyoo au risasi ndani yake. Mama asifokewe wala kuchekwa kwa ajili ya tamaa hiyo. Apimwe damu.

KINA MAMA WA BOMBAY

Jinsi folati ilivyojulikana ni habari inayostahili kukumbukwa, kwa kuwa ilianzia kwa wanawake maskini. Mwaka 1928 daktari wa Kiingereza, Bibi Lucy Wills, alikwenda Bombay katika Bara Hindi, kuchunguza kwa nini waja wazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walipungukiwa na damu vibaya hata wengine wakafa. Hakuona kijidudu cha kulaumiwa. Alitazama sahani zao, akaona kwamba matunda na mboga vilikuwa haba. Akawajaribia vyakula mbalimbali, na mwishowe akawapa Marmite, ambayo hutengenezwa kwa hamira na ilikuwa ya bei rahisi. Damu yao ikarudi upesi, akalitangaza jambo hilo mwaka 1931. Kitu chenyewe kilichomo ndani ya hamira hakikujulikana siku hizo. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani walikitoa katika majani ya mchicha, wakakipa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Leo folati yajulikana kwa kazi nyingine pia: humkinga mtoto asizaliwe na ufa katika uti wa mgongo. Lakini uti huo hujifunga katika mwezi wa kwanza wa mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama wameshika mimba. Kwa hiyo mwanamke anayetazamia kuzaa aanze folati mapema, wala asingoje tumbo lionekane.

NAMNA YA KUTUMIA VIDONGE

Katika kliniki za Kenya waja wazito hupewa kidonge kimoja kwa siku, chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za folati, muda wote wa mimba. Wengi huvipokea, na wengi huvitia katika mkoba na kuvisahau huko. Wakiulizwa, husema kwamba vyawatia kichefuchefu, au kwamba kinyesi kimekuwa cheusi wakaogopa. Weusi huo ni wa chuma kilichobaki tumboni, si damu wala si sumu. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala, au baada ya kula kidogo. Chuma huingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kidonge kilichomezwa baada ya ugali ni bora kuliko kilichobaki katika mkoba. Kimezwe kwa maji au kwa maji ya chungwa, kamwe si kwa chai wala maziwa. Tumbo likifunga, maji na mboga viongezwe.

Kuzidisha vidonge hakuharakishi kupona. Uchunguzi wa Uswisi umeonyesha kuwa mtu akisha kumeza chuma, mwili huufunga mlango wake kwa muda wa siku nzima hivi, na kidonge kinachofuata upesi hupokelewa kidogo. Ndiyo maana madaktari wengine huwapa wagonjwa wasio na mimba kidonge siku moja na kuruka siku moja. Mwenye mimba afuate agizo la kliniki yake.

Katika sehemu za malaria waja wazito hupewa pia dawa ya kuzuia malaria iitwayo SP. Vidonge vikubwa vya folati vya miligramu 5, ambavyo huuzwa madukani na ambavyo mama huweza kuvinunua akidhani kingi ndicho bora, huidhoofisha dawa hiyo. Kidonge cha kliniki, chenye kiasi kidogo, hakina neno.

Vitamini A ni habari nyingine. Mtoto anayepungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri machweo, akijikwaa kwa vitu ambavyo wenzake wanaviona. Baadaye jicho hukauka na laweza kupofuka. Tena hushindwa kuvumilia surua na kuhara. Matone yake hutolewa bure kliniki kila miezi sita, kuanzia umri wa miezi 6 hata miaka 5. Nyumbani hupatikana katika maboga, karoti, maembe, mboga za kijani, na viazi vitamu vyenye moyo wa rangi ya machungwa, ambavyo ni bora kwa jambo hili kuliko vile vyeupe. Navyo viliwe pamoja na mafuta kidogo, kwani bila mafuta haiingii vema. Maini yana vitamini A nyingi sana, hata mwenye mimba changa hafai kuyala kila siku, kwa sababu ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Wazee, na watu wasiokula nyama wala maziwa wala mayai, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi, huweza kupungukiwa na vitamini B12. Dalili yake si uchovu tu, bali pia ganzi ya miguuni na kusahau. Mtu wa namna hiyo asijitibu kwa folati peke yake, maana folati huweza kuirudisha damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika.

Baada ya majuma manne hivi ya kumeza chuma vizuri, himoglobini yapasa kupanda kwa gramu 1 au zaidi. Isipopanda, ama vidonge havikumezwa, ama damu yapotea mahali ambapo hapajaonekana, ama sababu si chuma. Na hapo mgonjwa arudi kwa daktari badala ya kubadili duka la dawa. Ikiwa imepanda hata kufika kiwango chake, vidonge viendelee kwa miezi mitatu zaidi, kwa kuwa kwanza hujaa damu, kisha ndipo hujaa ghala. Na muda wote huo chupa iwekwe juu, mahali pasipofikiwa na watoto. Vidonge vya chuma huwa vyekundu na kung'aa kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi kwa mara moja huweza kufa. Akionekana amevimeza, apelekwe hospitali saa ile ile, pamoja na chupa yenyewe, hata kama bado anacheza.